Msaada wa Gharama za Cheti cha Kilimo Hai: Mkulima Aupokeeje?

(Maelezo ya mazungumzo kwa makatibu, wajumbe wa bodi na wanachama wa vyama vya msingi vya Kibaha na Kisarawe)



Yuko mkulima wa Maneromango, au wa Mzenga, au wa Magindu, ambaye tangu alipoirithi mikorosho ya baba yake hajapata kutia shambani mbolea ya chumvichumvi wala dawa ya kiwandani. Hupalilia kwa jembe, huokota korosho kwa mkono, huanika juani, kisha hupeleka ghalani. Huko korosho zake huchanganywa na za jirani aliyepuliza dawa mara nne, hupimwa katika mizani moja na huuzwa kwa bei moja. Kwa macho hazina tofauti yoyote. Kinachozitenga na bei bora si mti wala udongo, bali ni karatasi. Na karatasi hiyo, yaani cheti cha kilimo hai, ina gharama ambayo mkulima mmoja hawezi kuibeba peke yake.

Kwa sababu hiyo kila litajwapo jambo la kilimo hai, swali la kwanza la wanachama huwa moja: nani atalipa? Na akitokea mfadhili au mnunuzi akasema, "Nitasaidia kulipia cheti," mkutano hupiga makofi na shughuli huanza kesho yake. Makusudi ya mazungumzo haya ni kuonyesha ni mambo gani yapimwe kabla ya makofi hayo.

GHARAMA HUTOKA WAPI

Hapana budi ieleweke kwanza kwamba cheti hakinunuliwi mara moja kama mizani au baiskeli. Hukaguliwa na kulipiwa kila mwaka. Mwaka ambao ada haikulipwa au ukaguzi haukufanyika, mazao hurudi kuwa mazao ya kawaida, hata kama shamba halikubadilika kwa lolote.

Gharama zenyewe ni za namna tatu. Namna ya kwanza ni zile za kampuni ya uthibitishaji: ada ya cheti, siku za kazi za mkaguzi, nauli na malazi yake, pamoja na sampuli zinazopelekwa maabara. Namna ya pili ni za chama chenyewe: orodha ya wanachama na mashamba, ramani, mikataba, posho za wakaguzi wa ndani na mafunzo. Namna ya tatu mara nyingi haiandikwi, nayo ni hasara ya kusubiri. Kwa mazao ya kudumu kama korosho na machungwa, kanuni za Ulaya hudai miaka 3 kabla ya mavuno ya kwanza yanayoweza kuuzwa kwa jina la kilimo hai. Kwa mazao ya msimu ni miaka 2 kabla ya kupanda. Kanuni za Marekani nazo hudai ardhi iwe imepita miaka 3 bila dawa iliyokatazwa. Katika kipindi hicho mkulima hugharimia ukaguzi, lakini huuza kwa bei ya kawaida.

MISAADA ILIYOPATA KUTOLEWA

Jambo hili si geni nchini. Kati ya mwaka 1997 na 2008 Serikali ya Sweden, kwa njia ya shirika lake la Sida, iligharimia mpango uliojulikana kwa jina la EPOPA, uliokuza uuzaji nje wa mazao ya kilimo hai kutoka Uganda na Tanzania. Mpango huo ulisaidia kampuni na vyama vilivyouza nje, pamoja na wakulima walioungana navyo, kuandaa mifumo ya udhibiti na kubeba sehemu ya gharama za vyeti. Mwaka 2008 mpango ulikoma. Tangu hapo kila aliyetaka kubaki na cheti alilazimika kutafuta fedha zake katika biashara yake mwenyewe.

Huko Marekani msaada wa namna hii umewekwa ndani ya sheria. Kwa Sheria ya Kilimo ya mwaka 2018 mkulima mwenye cheti aliweza kurejeshewa hadi asilimia 75 ya gharama alizolipa, lakini si zaidi ya dola 750 kwa kila sehemu ya cheti chake. Hata hivyo mwaka 2020 Wizara ya Kilimo ya nchi hiyo ilishusha kiwango hadi asilimia 50 na dola 500. Katika habari hiyo yamo mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba msaada huo ulikuwa wa kurejeshewa: mkulima alilipa kwanza, akatunza stakabadhi, ndipo akadai. Asiye na stakabadhi hakuwa na dai. La pili ni kwamba hata katika nchi tajiri, tena ndani ya sheria, msaada hupungua mkulima akiwa njiani.

Hapa nchini Serikali ilizindua mwaka 2023 Mkakati wa Kitaifa wa Kilimo Ikolojia Hai wa miaka 2023 hadi 2030. Hatua hiyo ni ya kushukuriwa, kwa kuwa imeipa shughuli hii mahali pake katika mipango ya Taifa. Lakini mkakati si hundi. Chama kisiandike katika makisio yake fedha ambazo hazijaahidiwa kwa maandishi.

HESABU YA CHAMA CHA MFANO

Ichukuliwe kwa mfano kwamba chama cha msingi kina wanachama 300, na kila mmoja huuza kilo 400 za korosho ghafi kwa msimu. Jumla ni kilo 120,000. Ichukuliwe pia kwamba gharama zote za cheti kwa mwaka ni shilingi 12,000,000. Hizi ni tarakimu za kufundishia tu; kila Katibu aweke za chama chake.

Kwa hesabu hiyo cheti hugharimu shilingi 100 kwa kila kilo. Mnunuzi akiongeza shilingi 200 kwa kilo juu ya bei ya kawaida, chama hupata nyongeza ya shilingi 24,000,000, na baada ya kulipia cheti hubaki shilingi 12,000,000 za kugawana. Biashara ni nzuri. Lakini nusu ya wanachama wakiuza korosho zao kwa walanguzi wa kangomba, chama hubaki na kilo 60,000, na nyongeza yake huwa shilingi 12,000,000, sawasawa na gharama ya cheti. Ada ya mkaguzi haikupungua kwa sababu magunia yamepungua. Waliokuwa waaminifu wamefanya kazi ya bure kwa ajili ya waliotoroka.

Sasa aje mfadhili na ahadi hii: mwaka wa kwanza atalipa asilimia 75 ya gharama, mwaka wa pili asilimia 50, mwaka wa tatu asilimia 25, kisha basi. Msaada wake wote ni shilingi 18,000,000, na chama nacho kitatoa shilingi 18,000,000. Mwaka wa kwanza chama hutoa 3,000,000, wa pili 6,000,000, wa tatu 9,000,000. Wanachama hufurahi, kwa kuwa mwaka wa kwanza kila mmoja hukatwa shilingi 10,000 tu.

Yaangaliwe yatokeayo. Miaka hiyo 3 ndiyo miaka ya kusubiri, ambapo nyongeza ya bei haijaanza. Mwaka wa nne cheti kamili kinakaribia, na ada ya shilingi 12,000,000 inatakiwa kabla hata korosho moja haijauzwa. Mfadhili amekwisha kwenda zake. Mkutano Mkuu unaitishwa, na mzee mmoja anasimama kuuliza, "Mbona msaada umekwisha kabla faida haijaanza?" Hakuna mwenye jibu, fedha hazipatikani, ukaguzi haufanyiki, na kazi ya miaka 3 inapotea mlangoni pa soko. Wanachama huondoka wakisema kilimo hai ni uongo. Si uongo, hesabu ndiyo haikufanywa.

Hesabu hiyo ingefanywa mapema, chama kingekubaliana makato ya shilingi 75 kwa kilo tangu mwaka wa kwanza, hata kama mfadhili anabeba sehemu kubwa. Makato hayo huleta shilingi 9,000,000 kwa mwaka, yaani 27,000,000 kwa miaka 3. Zikitolewa 18,000,000 zilizo sehemu ya chama, hubaki akiba ya shilingi 9,000,000. Mwaka wa nne upungufu huwa 3,000,000 tu, sawa na shilingi 10,000 kwa mwanachama. Haba na haba hujaza kibaba. Hapo msaada umetumika kama kijiti cha kuanzia moto, na kuni zimetoka kwa wenye nyumba.

Makato ya namna hiyo hayawezi kuwekwa na Katibu wala Bodi peke yao. Sharti yapitishwe na Mkutano Mkuu, yaingizwe katika makisio ya mapato na matumizi, na yapate kibali cha Mrajis kwa mujibu wa Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013. Chama kinachofikiria kukopa, iwe katika Benki ya Ushirika iliyozinduliwa mwaka 2025 au kwingineko, kikumbuke kwamba mkopo ni deni; nao hauna budi kubaki ndani ya ukomo wa madeni ulioidhinishwa.

NANI MWENYE CHETI?

Katika mipango mingi ya zamani cheti kiliandikwa jina la kampuni iliyouza nje, kwa kuwa ndiyo iliyolipa. Mkulima alikuwa na shamba, jasho na sharti la kutotumia dawa. Kampuni ilikuwa na cheti. Kampuni ikishindwa kununua, mkulima hakuweza kuwauzia wengine kwa jina la kilimo hai, kwani haki ya jina hilo haikuwa yake. Huo ulikuwa msaada wenye kamba mguuni.

Kanuni mpya ya Umoja wa Ulaya, Na. 2018/848, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2022 na kupewa nchi za nje muda wa kujirekebisha hadi mwisho wa mwaka 2024, imegeuza jambo hili. Kanuni hiyo iliagiza kwamba kundi la wakulima linalopewa cheti kimoja liwe na hadhi ya kisheria lenyewe, liundwe na wakulima, liwe na mpango wa pamoja wa kuuza na mfumo wa udhibiti wa ndani. Iliweka idadi ya wanachama isizidi 2,000. Kwa upande wa ukubwa, mkulima mwenye shamba lisilozidi hekta 5 anakubalika. Mwenye zaidi hupimwa kwa mauzo yake na uzito wa gharama ya cheti.

Kila Katibu asomaye masharti hayo ataona kwamba yanafanana sana na chama cha msingi cha ushirika. Chama kimeandikishwa, kina wanachama wanaojulikana, kina Bodi, na huuza kwa pamoja. Kampuni nyingi zimelazimika kuunda makundi mapya. Chama cha ushirika kilikuwapo tangu zamani. Kwa hiyo chama kinapokaa mezani na mnunuzi kisijione kama mwombaji.

Kanuni hiyo imegusa pia gharama. Mkaguzi wa nje alitakiwa kukagua upya angalau asilimia 5 ya wanachama kila mwaka, na wasipungue 10. Zamani desturi ilikuwa kipeuo cha pili cha idadi ya wanachama. Kwa chama cha watu 300 tofauti si kubwa: zamani wangekaguliwa kama 18, sasa ni 15. Kwa kundi la watu 2,000 mzigo ni mkubwa: zamani kama 45, sasa 100. Tena sampuli za maabara zichukuliwe kwa angalau asilimia 2 ya wanachama, yaani sampuli 6 kwa chama cha watu 300. Haya yaingizwe katika mazungumzo na yeyote asemaye atasaidia. Msaada uliopimwa kwa gharama za zamani utakuwa mfupi.

Basi kabla ya kutia sahihi, Bodi iulize maswali manne: Cheti kitaandikwa jina la nani? Msaada ni wa miaka mingapi, na utapunguaje? Je, chama kinaruhusiwa kumuuzia mnunuzi mwingine? Na mkataba ukivunjika, orodha, ramani na kumbukumbu zitabaki mikononi mwa nani? Asiyejibu maswali hayo kwa maandishi hajaleta msaada, ameleta maneno.

DAWA ZA RUZUKU NA GHALA LA PAMOJA

Yapo mambo mawili yanayoweza kuvunja cheti katika Mkoa wa Pwani, hata ada ikiwa imelipwa yote.

La kwanza ni pembejeo. Katika misimu ya karibuni wakulima wa korosho wamekuwa wakigawiwa salfa ya unga na viuatilifu vya maji kwa ruzuku, ili kupambana na ubwiriunga na wadudu. Salfa yenyewe imo katika orodha ya vitu vinavyoruhusiwa katika kilimo hai, ingawa aina inayotumika sharti ioneshwe kwanza kwa kampuni ya uthibitishaji. Viuatilifu vingi vya maji haviruhusiwi. Mwanachama aliyetia mkono katika mkataba wa kilimo hai, kisha akachukua chupa moja kwa kuwa ni ya bure, anaweza kuharibu mauzo ya wenzake wote. Na asifikiri kwamba hukumu ya kukataa chupa hiyo ni nyepesi: msimu wenye umande mwingi ubwiriunga hukausha maua mbele ya macho ya mwenye shamba. Kwa sababu hiyo chama kisimlazimishe mtu. Ni heri wanachama 120 waliokubali kwa moyo kuliko 300 walioandikwa kwa makofi.

La pili ni ghala. Korosho huuzwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, na katika mfumo huo mzigo wa wengi hukusanywa pamoja. Korosho za kilimo hai zikichanganywa na nyingine zimekwisha kupoteza jina lake, na hakuna mkaguzi awezaye kulirudisha. Chama kikubaliane mapema na Chama Kikuu na mwendesha ghala juu ya sehemu yake pekee, alama zake, na namna mzigo huo utakavyouzwa. Magunia yawe mapya ya katani, wala yasiwe yaliyobebea mbolea. Ghala likipulizwa dawa, mzigo huo usiwe ndani.

SOKO LILILO KARIBU

Si kila mkulima analazimika kutazama Ulaya. Kibaha na Kisarawe ziko mlangoni pa Dar es Salaam. Mboga, mihogo na machungwa hufika sokoni siku ile ile yalipovunwa. Kwa soko la ndani na la jirani, nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilipitisha mwaka 2007 kiwango kimoja cha mazao ya kilimo hai pamoja na alama yake, Kilimohai. Kwa alama hiyo upo pia mfumo shirikishi wa uhakiki, ambamo wakulima, kwa kushirikiana na walaji na wataalamu, hukaguana wenyewe kwa kanuni zilizoandikwa. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kampuni za nje, kwa kuwa kazi kubwa hufanywa na wanachama.

Uhakiki huo haukubaliwi kwa mazao yanayokwenda Ulaya, na jambo hilo lisifichwe. Lakini kwa chama kichanga ni shule nzuri: wanachama hujifunza kuandika, kukaguana na kuadhibiana bila kulipa fedha nyingi. Kwanza soko lijulikane, ndipo cheti kichaguliwe. Wengi wamefanya kinyume chake, wakapata cheti kizuri kisicho na mnunuzi.

KAZI YA KATIBU

Mali bila daftari hupotea bila habari. Katika shughuli hii msemo huo una thamani ya fedha. Kanuni za Ulaya huruhusu kipindi kilichopita kuhesabiwa katika ile miaka 3 ya kusubiri, iwapo upo ushahidi wa kuridhisha kwamba ardhi haikutiwa dawa iliyokatazwa. Mkulima wa Magindu asiyepata kutumia dawa maisha yake yote anaweza kuokolewa miaka na daftari la chama, au anaweza kusubiri kama mwingine yeyote kwa kuwa hakuna aliyeandika. Msaada mkubwa kuliko wote, basi, umo katika kalamu ya Katibu.

Kwa hiyo kila Katibu aanze sasa, hata kabla mfadhili hajatokea: aandike jina la kila mwanachama, ukubwa wa shamba lake na mipaka yake, idadi ya miti, pembejeo alizopokea na zile alizokataa, pamoja na kilo alizoleta kila msimu. Orodha ya ugawaji wa pembejeo itunzwe, kwani jina lisilokuwamo ndani yake ni ushahidi pia. Fedha za msaada ziwekewe leja yake, zisichanganywe na fedha za ununuzi, na kila malipo yawe na stakabadhi. Taarifa isomwe katika Mkutano Mkuu kwa lugha ambayo kila mwanachama ataielewa, na vitabu viwe tayari kwa wakaguzi wa COASCO wakati wowote.

Ndugu Wanachama, wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Msaada wa cheti nao ni mgeni. Upokelewe kwa heshima na ushukuriwe kwa dhati, lakini chama kijue tangu siku ya kwanza ni siku gani utaaga, na jembe liwe limekwisha nolewa. Chama kilichojua hilo hakitaingiwa na hofu mfadhili atakapofunga mkoba wake. Kitafungua daftari lake, kitahesabu akiba yake, na kitamlipa mkaguzi kwa fedha za wanachama wenyewe.

Ushirika ni nguvu.